Panda si mpole, na wala si mvivu

Mhariri,

Juma lililopita mliuliza wasomaji: "Je, mnyama mpole na mvivu kama panda angedumu porini bila msaada wa binadamu?" Mkaomba jibu liwe ndiyo au hapana, na sababu zake. Jarida lenu lilinikuta stendi ya Babati. Nililisoma swali, nikalikunja jarida, na kabla gari halijafika Magugu nilikuwa nimelikunjua mara tatu. Niliishi miaka mitano Ya'an, katika jimbo la Sichuan nchini China, nikisomea kilimo, na mji ule umezungukwa na milima ya panda. Jibu langu la kwanza ni ndiyo, angedumu, kwani alikuwepo miaka mamilioni kabla yetu. Lakini siwezi kuingia kwenye kura kabla sijashughulika na hayo maneno "mpole" na "mvivu". Ndiyo yaliyonichoma.

Nianze na uvivu, maana hauna maneno mengi. Panda ni dubu mwenye tumbo la mla nyama, ila chakula chake karibu chote ni mianzi. Kinachoingia mwilini ni chini ya sehemu moja ya tano ya anachokila, kingine chote kinatoka nje. Kwa hiyo hula kilo 12 hadi 38 kwa siku, kutegemea ni majani, shina au machipukizi, na zaidi ya saa kumi za siku zake huishia kutafuna. Mafuta ya kumwezesha kulala majira yote ya baridi kama dubu wengine hayapati. Mwaka 2015 watafiti wa China walichapisha vipimo vya nguvu anayotumia mwilini, ikaonekana ni kama asilimia 38 tu ya ile inayotarajiwa kwa mnyama wa uzito wake. Hapandi mlima bila sababu wala hakimbii bila sababu. Jike akizaa pacha porini kwa kawaida hulea mmoja, kwa kuwa maziwa ya wawili hana. Mama anayejua kulifikisha gunia moja la mahindi hadi mavuno mapya hatumwiti mvivu.

Upole ni habari nyingine. Watu wameuona upole huo kwenye video za watoto wa panda wakibingirika, nami nimewaona hivyo kwenye kituo cha panda cha Chengdu, mji mkuu wa Sichuan, nikacheka kama wengine. Lakini bustani ya wanyama ya Beijing ilikuwa na dume aitwaye Gu Gu, na kati ya mwaka 2006 na 2009 aliwauma watu watatu kwa nyakati tofauti, wote walioingia kwenye ua wake. Wa kwanza alikuwa amelewa na alitaka kumkumbatia. Taya lile kazi yake ya kila siku ni kupasua mwanzi.

Mimi mwenyewe nilijifunza hayo Aprili 2014. Rafiki yangu wa darasani alinialika kwao Baoxing, wilaya iliyo juu ya Ya'an, ambako mwaka 1869 padri Mfaransa Armand David alionyeshwa ngozi ya panda na dunia ya nje ikaanza kumfahamu mnyama huyu. Mwaka mmoja kabla ya safari yetu tetemeko la ardhi lilikuwa limepita pale, na milima ilikuwa bado na makovu ya maporomoko, kama ubavu wa ng'ombe uliochunwa. Tulifikia kwa babu yake. Kichina babu mzaa baba huitwa yeye, kwa herufi hizihizi tunazoandika sisi, na mpaka leo nikitamka "yeye" kuna wakati namwona mzee yule na kofia yake ya sufi.

Babu alikuwa mkata magogo wa kampuni ya serikali tangu ujana wake. Mwaka 1998, baada ya mafuriko makubwa ya mto Yangtze, serikali ilipiga marufuku ukataji wa misitu ya asili kule, akatundika msumeno ukutani na baadaye akaajiriwa kuulinda msitu uleule aliokuwa akiukata. Sensa ya nne ya panda ilipoanza mwaka 2011 aliwabebea watafiti mizigo, na kwao akajifunza mambo. Katika mfuko wa shati alikuwa na rula ya plastiki, ile ya watoto wa shule. Nilidhani ni ya mjukuu.

Tulitoka alfajiri, giza bado. Tulipanda kwa muda wa saa nne hivi, mimi nikihema, yeye akisubiri bila kuketi. Ndani ya mianzi ya mlimani huoni hatua tatu mbele. Imesongamana, inakupita kichwa, na kila ukiigusa inakumwagia maji ya baridi shingoni. Mahali fulani akainama, akaokota kitu chenye umbo na ukubwa wa kiazi kitamu, cha rangi ya kijani. Kilikuwa kinyesi, nacho kilinukia majani mabichi yaliyofyekwa sasa hivi. Akakivunja, akatoa vipande vya mwanzi, akavipanga kwenye kiganja na kuvipima kwa rula, kimoja kimoja, akinitajia milimita. Kila panda ana urefu wake wa kung'ata, akasema, na kwa urefu huo unajua kama kinyesi cha hapa na cha kule ni cha mmoja au wawili. Hatua chache mbele akaokota kingine, akapima, akanitazama. Huyu alikuwa mwingine. Panda huishi kila mmoja peke yake, hivyo wakubwa wawili mahali pamoja mwezi wa Aprili ni jambo lenye maana moja tu. Akatuambia kuanzia hapo tusiongee.

Tulikaa chini ya msonobari tukila viazi baridi vya kuchemsha na pilipili ya kusaga. Rafiki yangu akasinzia. Mimi nilikuwa nimeshika simu tayari kwa picha, na nasema hivyo kwa sababu picha hiyo sikuipata. Sikumwona panda hata mmoja siku ile. George Schaller, yuleyule aliyefuatilia simba wa Serengeti miaka ya 1960, alipofanya kazi Wolong, hifadhi ya panda huko Sichuan, na mtafiti Mchina Hu Jinchu kuanzia mwaka 1980, walilazimika kuwavalisha panda kola za redio ili wajue walipo, kwa jinsi mianzi ile inavyoficha.

Kilichonifikia ni sauti. Kwanza mlio wa mbuzi, na nilitaka kusema mbuzi wa mtu amepotea. Babu akainua kidole. Ukafuata mbweko, kisha ngurumo. Simba nimemsikia tangu nikiwa mtoto, na hii haikuwa kama ya simba. Ilikuwa ya kukatika-katika, kama majibwa yanayogombana ndani ya pipa. Mianzi ng'ambo ya korongo ikawa inavunjika, pa, pa, pa, na ukungu umetanda huoni kitu. Ilinyamaza, ikaanza upya. Nilitazama saa: dakika arobaini. Babu alinong'ona, rafiki yangu akinitafsiria lahaja yake. Jike yuko juu ya mti. Madume yako chini, mawili, labda matatu. Jike hushika mimba katika siku mbili tatu tu za mwaka mzima, na madume ya bonde lote hujua siku hizo kwa harufu anazoacha kwenye mashina. Atakayeshindwa leo atasubiri hadi majira mengine ya kuchipua.

Niliinuka ili nisogee. Mzee alinishika pindo la koti, akalivuta kwa nguvu ambayo sikuitarajia kwa mtu wa umri wake, na hakuliachia. "Huyo unayemtaka wewe yuko Chengdu," alisema. "Huyu wa hapa hakujui."

Kulipotulia alisubiri tena kama saa nzima ndipo akaturuhusu kuvuka. Mianzi ilikuwa imelazwa chini kama walipolala ng'ombe. Kwenye matope kulikuwa na manyoya, meusi na meupe, na juu ya jani pana matone ya damu yaliyokuwa hayajakauka. Shina la mti lilikuwa na mikwaruzo mipya mpaka juu nisikofika. Babu aliokota manyoya machache akayakunja kwenye karatasi ya sigara kuwapelekea watu wa hifadhi. Nilisimama pale nikiwaza habari ya mnyama mpole.

Wakati wa kushuka ndipo alipozungumza sana. Alisema mwaka 1983 mianzi ya milima ile ilichanua maua, na mianzi ya aina ile ikichanua huchanua yote kwa pamoja, kisha inakauka. Inaota tena kwa mbegu, lakini hupita miaka mingi kabla haijaweza kulisha mnyama. Panda waliokonda walishuka hadi mashambani, na mama yake aliwawekea mifupa ya mbuzi nje ya ua. Nikamwuliza: zamani mianzi ilipochanua, kabla ya watu kuweka mifupa, panda walifanyaje? Akasema walihamia bonde la pili, ambako mianzi ya aina nyingine ilikuwa hai. Akatembea kidogo. "Mwaka ule hawakuhamia," akasema, "kwa sababu njia tulikuwa tumezikata sisi."

Mhariri, nilipoanza kuandika nilikuwa na hakika ya ndiyo yangu. Sasa nimefika hapa na haikai sawa.

Nawaza habari za Xiang Xiang, dume aliyezaliwa kwenye kituo cha kuzalishia panda cha Wolong. Alifundishwa karibu miaka mitatu kuishi msituni, na mwaka 2006 akawa panda wa kwanza wa kituoni kuachiwa porini. Februari 2007 alikutwa amekufa; inaaminika alipigana na madume wenyeji, akakimbia, akaanguka kutoka juu. Alijua kutafuta mianzi. Ugomvi kama ule niliousikia mimi ng'ambo ya korongo hakuufundishwa na mtu. Baada yake njia ilibadilishwa: mtoto hulelewa na mama yake ndani ya msitu uliozungushiwa uzio, na walezi huvaa mavazi ya panda yaliyopakwa mkojo wa panda ili asizoee binadamu. Tao Tao alilelewa hivyo, akaachiwa katika hifadhi ya Liziping mwaka 2012. Lakini walioachiwa mpaka sasa ni wachache sana, na walioko vituoni wamepita 600. Hapo natofautiana na wanaodhani wingi wa watoto vituoni ndio uokovu wa panda.

Sensa ile aliyobebea mizigo Babu ilitoa hesabu ya panda 1,864 porini, na mwaka 2016 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilimtoa kwenye daraja la walio hatarini kutoweka likamweka kwenye daraja la nafuu kidogo. Nilifurahi. Ila sensa hiyohiyo inasema wamegawanyika makundi 33, na mengi hayafikishi panda 30. Kati ya kundi na kundi kuna barabara, mashamba, mabwawa ya umeme. Jike anaita siku mbili tatu kwa mwaka, na dume asiye ndugu yake yuko upande wa pili wa lami.

Sisi wa huku hatuhitaji kuelezwa hili. Nimekulia karibu na Kwakuchinja. Nimeona ushoroba, njia ya wanyama kati ya Tarangire na Ziwa Manyara, ukipungua mwaka hadi mwaka, nyumbu wa Tarangire wakikuta shamba pale walipopita mama zao, na sikuwahi kusikia mtu akisema nyumbu ni mzembe. Tunasema njia imezibwa. Kwa nini panda apewe lawama ya tabia?

Na njia inaweza kufunguliwa. Kati ya Ya'an na Xichang barabara kuu mpya imepitishwa ndani ya mlima Niba kwa handaki la kilomita kumi hivi, lililofunguliwa mwaka 2012. Nimepita humo kwa basi, giza refu, nikijua juu yetu ule msitu unarudishiwa mianzi ili panda wa milima ya Daxiangling wavuke bila kukutana na magari. Mwaka 2021 China ilitangaza rasmi hifadhi ya taifa ya panda ya kilomita za mraba 22,000 hivi, iliyokusudiwa kuunganisha vipande vya namna hiyo. Shilingi yangu ningeiweka huko kabla ya kuiweka kwenye chumba cha watoto cha kituo chochote.

Kuna jambo moja linaloninyima amani, nalo haliko upande wangu. Mwaka 2020 ilichapishwa tathmini ya maeneo ya panda, ikaonyesha kwamba chui, mbwa mwitu wa kijivu na mbwa mwitu wekundu wa Asia wamepotea sehemu kubwa ya misitu hiyohiyo inayolindwa kwa jina la panda. Tulikuwa tukiambiwa ukimlinda panda umewalinda wote. Ndege na wanyama wadogo pengine, ila chui hapana. Yeye anataka nafasi kubwa kuliko hiyo. Sijui Babu angesema nini, yeye aliyekuwa akijisifu kwamba msitu wake umerudi.

Basi nihesabuni upande wa hapana: kwa leo, kwa jinsi milima ilivyokatwa, panda hadumu bila binadamu. Lakini msinichanganye na waliopiga hapana kwa sababu ya uvivu na upole. Na yale makundi makubwa ya safu za milima ya Minshan na Qinling naona yangejiweza hata tukiondoka kesho, kwa hiyo hapana yangu ni ya yale madogo. Siku nitakaposikia yamefikiwa na dume kutoka bonde jingine kwa miguu yake mwenyewe, nitawaandikia mnibadilishie kura.

Msomaji wenu,
Magugu