Dawa Huku Si Bure, Ndugu Zangu

Binamu yangu wa Kisauni ameniandikia kwamba Mama anapata insulini kwa kuhangaika, na mimi niko Marekani ambako dawa zote zinalipwa na bima, mtu anajichukulia tu. Anataka nitie kalamu za insulini kwenye sanduku la jamaa anayekuja Mombasa Desemba, za Mama na za mjomba wa Likoni. Mwisho akaongeza kwamba tangu nipate makaratasi nimekuwa mkono wa birika. Namjibu mbele yenu wote, maana najua hayo si yake peke yake. Ndiyo yanayosemwa barazani.

Ya baridi na ya kazi ya kulea wazee mmeshayasikia hadi mmechoka. Leo nasema la dawa tu.

Mimi pia nina sukari. Mama anajua. Wengine sikuwaambia kwa sababu sikutaka kila anayenipigia simu aanze na pole. Najidunga kabla ya kula na wakati wa kulala. Bima ninayo, ya kazini, na inakatwa kwenye mshahara hata mwezi ambao sikwenda kwa daktari. Lakini bima nyingi za huku hazianzi kulipa mpaka umalize kwanza kiasi fulani kutoka mfukoni mwako, na kiasi hicho kinaweza kuwa maelfu ya dola. Mwaka mpya ukiingia, hesabu inaanza upya. Desemba unalipa kidogo. Januari unarudi duka lilelile na karatasi ileile ya daktari, na binti wa kaunta anakugeuzia skrini ili asiitamke bei mbele ya watu. Niliisoma mwenyewe: zaidi ya dola 300. Nyuma yangu foleni, mtoto wa mtu analia, mfuko wa dawa uko juu ya kaunta umebandikwa jina langu. Nikalipa. Mwezi ule ndio mliopokea nusu ya pesa ninazowatumia mkasema nimebadilika.

Insulini iligunduliwa Toronto mwaka 1921, na mwaka 1923 waliokuwa na haki zake waliziuza kwa chuo kikuu cha huko kwa dola moja moja, isije ikawa mali ya mtu mmoja. Humalog, aina moja ya insulini, ilipoingia sokoni 1996, chupa ilikuwa dola 21. Kufikia 2019 bei ya chupa hiyo ilikuwa kama dola 275, na dawa ni ileile. Hapa Minnesota ninapoishi kijana wa miaka 26 alikufa mwaka 2017, hata mwezi haujaisha tangu atoke kwenye bima ya mamake. Alikuwa akibana dozi imfikishe siku ya mshahara. Kifo chake ndicho kilicholeta sheria ya jimbo ya mwaka 2020: aliyeishiwa na insulini na hana uwezo anapewa ya mwezi mmoja kwa dola zisizozidi 35. Mwaka 2023 kampuni kubwa tatu zinazoitengeneza zikatangaza kushusha bei. Nafuu ipo, sikatai. Lakini nafuu hiyo haikufuati nyumbani. Usipoijua na kuidai, unaweza kulipa zaidi ya inavyopasa.

Huku dawa haina bei moja. Maduka mawili yanayotazamana yanaweza kuuza kidonge kilekile kwa bei mbili. Kuna kadi za punguzo za bure kwenye simu, kama GoodRx, na mara nyingine ukilipa taslimu kwa kadi hiyo inakuwa rahisi kuliko kupitia bima yako mwenyewe. Na hadi 2018 mikataba mingine ilimkataza mfamasia kukwambia hilo! Sheria ikaifuta. Kwa hiyo mimi siondoki kaunta bila kuuliza: bila bima ni ngapi? Ya nje ya bima nayo ina hasara yake, kwani kwa kawaida haihesabiwi kwenye kile kiasi unachotakiwa kumaliza, kwa hiyo mwenye dawa ghali mwaka mzima apige hesabu vizuri kabla. Vidonge vyangu vya presha navipata Walmart kwenye orodha yao ya dola 4 kwa mwezi, na vya miezi mitatu ni dola 10. Zipo pia zahanati zinazotoza kulingana na kipato chako. Hizo ndizo zinazowasitiri ndugu zetu wengi wasio na bima.

Wewe unayejaza fomu za viza na una maradhi ya kudumu, usije. Naona watu wazima wakisimama kwenye maegesho ya duka la dawa wakipiga simu kuomba mkopo. Na kama utakuja, maana najua utakuja, beba dawa za miezi mitatu pamoja na barua ya daktari, na mwajiri akikwambia mshahara muulize bima inaanza lini na unatakiwa kulipa kiasi gani kwanza. Mshahara mzuri wenye bima mbovu utaukuta wote kwenye risiti ya dawa.

Sasa Mama. Insulini sitatia kwenye sanduku la mtu. Yangu nimeandikiwa mimi, ni ya aina nyingine na inafanya kazi haraka kuliko yake, akijidunga kwa vipimo vyake inaweza kumwangusha. Mizigo ya chini ya ndege inaweza kupata baridi kali, na insulini ikiganda imeharibika hata ikiyeyuka ikaonekana safi. Ikifika salama, joto la Mombasa la Februari linaisubiri. Iliyofunguliwa kwa kawaida inakaa wiki nne hivi mahali pasipozidi nyuzi 30, na ambayo haijafunguliwa inataka friji. Stima ikipotea, ifungeni kwenye mfuko usioingiza maji muiweke ndani ya chungu cha udongo kilichoroweshwa, kivulini penye upepo. Msiiweke kwenye friza, tafadhalini.

Vidonge vyake ndivyo vinavyokula pesa bure. Glucophage ni jina la kampuni tu, dawa yenyewe ni metformin. Norvasc nayo ni amlodipine. Mwambieni daktari aandike jina la dawa yenyewe, kisha ulizeni maduka matatu ya Digo Road kabla ya kununua. Msione haya kuuliza bei na kuondoka. Lakini msikimbilie bei ya chini kuliko zote kwa mtu asiye na cheti ukutani, dawa bandia zipo. Na insulini msimbadilishie wenyewe hata kama nyingine ni rahisi, hiyo ni kazi ya daktari. SHA yake, ile bima ya afya ya serikali, ilipwe. Kama haijalipwa niambieni, msinifiche.

Binamu, sina kinyongo nawe, ulimsemea Mama na umefanya vyema. Nipigie picha karatasi yake ya daktari na uniandikie bei za maduka hayo matatu. Nitatuma za miezi mitatu kwa M-Pesa ya Mama, si yako, na usikasirike. Risiti nazitaka. Mjomba naye anipigie mwenyewe Jumapili baada ya isha ya huko, mimi huku itakuwa asubuhi nimeshatoka zamu, na awe na zile chupa zake mkononi anisomee majina.