Kujumlisha orodha zilizo ndani ya orodha, namba kwa namba

Ndugu, umeuliza kwa nini `jan + feb` (orodha za Januari na Februari, kila soko safu moja) katika lugha ya programu ya Python inakupa safu nne badala ya jumla ya mikungu ya matoke na magunia ya maharage kwa kila soko. Kwenye orodha, alama ya + haijumlishi namba. Inaiunga tu ya pili mkiani mwa ya kwanza. Tumia `zip`, inayooanisha vitu vya orodha mbili kimoja kimoja, mara mbili: ya nje ioanishe safu, ya ndani ioanishe namba:

```
jan = [[40, 12], [35, 9]]   # Jinja, Mbale
feb = [[38, 15], [41, 7]]
jumla = [[x + y for x, y in zip(p, q)]
         for p, q in zip(jan, feb)]
```

Utapata `[[78, 27], [76, 16]]`.

Mtego mkubwa ni huu: `zip` huishia pale orodha fupi inapoishia, kimya kimya. Februari ikikosa safu ya Mbale, Mbale yote inapotea kwenye jumla na huoni kosa lolote. Kuanzia Python 3.10, andika `strict=True` ndani ya zip zote mbili (ya nje peke yake haikagui urefu wa safu), nayo itasimama na ujumbe wa kosa, `ValueError`, urefu usipolingana.

Ukiona `'4038'` badala ya 78, namba zako zimesomwa kutoka faili kama maandishi. Zipitishe kwanza kwenye `int()`, inayogeuza maandishi kuwa namba kamili.