Kabla hamjahesabu mikono

Wadogo zangu wa timu mpya ya umisheni wa watoto, nimeisoma ripoti yenu ya siku ya kwanza kambini: "Watoto 90 wameokoka, utukufu kwa Bwana!" Nimecheka, kisha nikaweka simu chini. Ripoti hiyo niliiandika mimi zamani. Ninyi mmebadilisha namba tu.

1. Somo la dakika 30 likipitia kwa mkalimani ni somo la dakika 15. Mhubiri Mwingereza Spurgeon mwaka 1866 alihubiri rangi tatu tu: nyeusi ya dhambi, nyekundu ya damu ya Yesu na nyeupe ya kutakaswa. Ninyi mna shanga za rangi tano za kueleza wokovu, igizo na nyimbo za vitendo, halafu mnashangaa mkalimani kukauka koo.

2. Wito wa kumpokea Yesu. Hapa mnivumilie. Katika kambi yangu ya kwanza nje ya nchi niliwaita watoto mbele kila jioni. Mikono ilinyooka kama msitu, nami nikaihesabu na kutuma namba nyumbani usiku uleule, kanisa likapiga vigelegele. Jioni tatu, mikono 157. Siku ya nne mchana, mwalimu wa shule ya Jumapili wa pale, mama mpole sana, aliweka daftari la mahudhurio mezani mbele yangu. Watoto 64. Hakusema neno. Nikajitetea, eti huenda wengine hawakuandikwa. Mgeni wa siku nne namsahihishia mwenyeji daftari lake!

Jioni nikaita tena. Binti wa miaka kama saba, aliyekuja mbele siku zote, akamvuta mkalimani shati, akanong'ona. Mkalimani akasita kunitafsiria. Mtoto alikuwa ameuliza: "Kwani ya jana haikushika?"

Kila nilipoita upya, yeye alielewa kuwa sala ya jana imekataliwa. Siku tatu alikwenda kulala akiamini Yesu hajamtaka. Nilibaki nimeduwaa, kipaza sauti mkononi. Yule mama ndiye aliyechuchumaa, akazungumza naye muda mrefu kwa lugha yao. Sikuomba tafsiri. Barua ya kusahihisha namba niliiandika mara tatu ndipo nikaituma, na mfadhili mmoja hakunijibu kamwe.

3. Usibaki na mtoto peke yako, hata kwa maombi. Wawili wawili, Marko 6:7.

4. Picha ni kwa ruhusa ya mzazi. Na ile ya kumkumbatia mtoto huku umefumba macho, jamani, tunazo za kutosha.

5. Msiahidi "tutaonana mwakani". Wewe utasahau ukiwa bado uwanja wa ndege, yeye atahesabu miezi.

6. Ulizeni nani atakaa na watoto hawa Jumapili ijayo, ninyi mkiwa mmeshaondoka. Huyo mpeni majina. Na leo, kabla ya kipindi cha jioni, mwombeni awaonyeshe daftari.