Hesabuni Taa, Msihesabu Dari

Jumanne nilimkuta kijana wetu mmoja, mkaguzi mpya wa taa za majengo, ghorofa ya nne ya jengo fulani hapa mjini Mombasa. Saa tano asubuhi, mapazia wazi, jua limejaa chumba kizima. Kasimama katikati ya ofisi na shati lake jeupe pe, kipima mwanga kakibeba kifuani kama sinia ya mahamri, anasoma kwa sauti: "Mia nane na arobaini. Hapa panatosha." Akaandika. Kisha akatazama dari, akahesabu fitingi za taa kwa kidole, akazidisha kwa tyubu mbili, akazidisha kwa wati 36, akahamia chumba cha pili. Dakika nne, chumba kimekwisha.

Nilitaka kumvuta sikio. Nikajizuia, maana kosa hilo nalijua kwa jina la ukoo. Nililifanya mimi nikiwa na miaka mitatu kazini, na bei yake nitawaambia hapo chini. Basi kaeni kitako, wanangu. Haya ni kwa nyinyi mliokuja mwaka huu na ngazi za kukopa.

1. Kipima mwanga hukaa mezani, pale karatasi inaposomwa. Pasipo na meza, kiwe sentimita 75 hadi 80 juu ya sakafu. Mwenyewe jitenge nacho, kivuli chako kisikiangukie, na shati jeupe liache nyumbani kwa sababu linarudisha mwanga na kukupa luksi (ndicho kipimo chetu cha mwanga) ambazo mteja hanazo. Tyubu za zamani zipe dakika ishirini zipate moto kwanza. Ofisi tunatafuta 500, ujia 100. Na hizo programu za simu za kupima mwanga, tafadhali, zifuteni.

2. Nendeni usiku. Hapa kwetu jua linazama mwendo wa saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, dakika chache mbele au nyuma, kwa hiyo hamna kisingizio cha msimu. Ile 840 ya kijana wa Jumanne ilikuwa ya Mola, haikuwa ya stima. Tuliporudi saa mbili usiku, meza ile ile ilisoma 190.

Na mkienda usiku mtakutana na bawabu. Bawabu ndiye mkaguzi mkuu wa jengo, ila hajui kama ana cheo hicho. Yeye ndiye anayejua swichi ipi haizimi, ghorofa ipi inalala na taa, na ni nani hufanya kazi mpaka saa nne. Mnunulieni kahawa na kashata, mkae naye nusu saa. Kuna mmoja aliwahi kunionyesha taa za maegesho zilizokuwa zikiwaka mchana kutwa kwa sababu kunguru walikuwa wamekichafua kijicho cha kihisi, kikadhani ni usiku wa milele. Kitambaa na maji. Ripoti yangu ya kurasa arobaini haikuwa imeliona.

3. Hesabuni zinazowaka. Hapa ndipo nilipoumia.

Lilikuwa jengo la ofisi la ghorofa tano, si mbali na Moi Avenue. Nililikagua mwezi wa Agosti, mchana, kwa siku mbili, nikijiona injinia mkubwa. Nilihesabu fitingi 380 za futi nne, kila moja ya tyubu mbili. Kwa hiyo tyubu 760. Kila tyubu wati 36, na choki yake, ile koili ya kudhibiti umeme wa tyubu, inakula kama 9, jumla 45. Kilowati 34 na ushei. Nikamuuliza meneja wa jengo taa zinawaka saa ngapi kwa siku. Akanijibu huku anaongea na simu: "Kutwa. Saa kumi na mbili hivi." Siku? "Ishirini na sita." Nikaandika. Nikaweka LED za wati 18 upande wa pili wa jedwali, na akiba ikatoka yenyewe, inang'aa: yuniti 6,400 kwa mwezi. Nikaichapa kwa herufi nene.

Mwenye jengo, mzee mmoja mpole wa kofia ya vito, aliisoma ripoti mara mbili akasaini. Nusu ya malipo yetu ilifungwa kwenye akiba ile. Mimi ndiye niliyependekeza ifungwe hivyo. Nilikuwa na hakika, unaona.

Novemba fundi wakamaliza. Jengo likawaka kama harusi. Machi nikaitwa.

Mzee alikuwa amepanga bili mezani, moja moja, juu yake kaweka vikombe vidogo vya kahawa zisipeperushwe na feni. Ya Agosti. Ya Disemba. Ya Januari. Ya Februari. Tatu zile za mwisho zote zilikuwa kubwa kuliko ya Agosti. Hakupandisha sauti. Alisema tu: "Injinia, mimi si msomi wa mambo ya stima. Nionyeshe kwa kidole, hiyo akiba iko wapi."

Nikaanza kujieleza. Nikasema ni AC. Agosti ni kipupwe, Februari ni joto la kaskazi, kompresa hazipumziki. Na ni kweli tupu, kila mtu wa Mombasa anaijua kweli hiyo. Mzee akauliza: "Na Agosti ulipokuwa unapiga hesabu, hukujua kwamba Februari inakuja?" Katibu wake alitazama dirishani kwa heshima. Nilitamani sakafu ipasuke.

Kumbe hata AC ilikuwa inanisitiri. Nilirudi ofisini nikalifungua faili, nikakuta ankara ya fundi. Fundi tuliwalipa kwa tyubu, na ankara imeandikwa kwa kalamu ya wino wa buluu, herufi kubwa: zilizotolewa 529, zilizowekwa 760. Karatasi hiyo ilikaa mezani kwangu miezi minne. Mimi mwenyewe ndiye niliyeiidhinisha ilipwe. Sikuisoma.

Mwaisoma nyinyi? 760 kutoa 529 ni 231. Holda 231 zilikuwa tupu. Nilihesabu dari, nikayapa mashimo wati 45 kila moja, kisha nikaja nikayatia taa mpya. Tyubu 231 ambazo jana hazikuwa zikila chochote, leo zinakula 18 kila moja, na juu yake nimeandika kwamba nimeokoa. Na katika zile 529 zilikuwemo zilizokufa ndani ya fitingi, lakini hizo tuziache, nisijivue nguo zote.

Nikarudi kwenye jengo kwa aibu zangu, safari hii na mita ya klampu ya kupima umeme unaopita kwenye waya, nikaibana kwenye sakiti za taa kwa wiki nzima. Saa za kuwaka hazikuwa kumi na mbili. Zilikuwa nane, siku ishirini na mbili, maana upande wa madirisha watu huzima wenyewe na Jumamosi ni ghorofa ya chini tu inayofunguliwa. Nikapiga hesabu upya: zamani walikuwa wanakula kama yuniti 4,190 kwa mwezi kwenye taa. Sasa wanakula kama 2,410. Akiba ya kweli 1,780. Niliahidi 6,400, nikaleta robo na kidogo.

Na bado sijawaambia kwa nini holda zilikuwa tupu. Nilimuuliza mama wa usafi, aliyekuwa akipiga deki ngazini. Akasimama, akaegemea fagio. "Hizo zilitolewa na wenyewe, mwanangu. Zilikuwa zawapiga machoni kwenye kompyuta. Wewe ukaja ukazirudisha." Akaongeza kwa upole uliozidi kuniua: "Ungeniuliza." Ghorofa ya tatu nikamkuta dada wa mahesabu amevaa kofia ya kampeni ndani ya ofisi, mchana kweupe, chini ya LED zangu mpya za 6500K, mwanga mweupe wa kuelekea buluu.

Nusu ya pili ya malipo hatukuiona. Bosi wangu hakunifukuza, na alifanya vibaya zaidi: alininyamazia wiki mbili. Siku ile ya mkutano nilishuka mpaka Likoni nivuke niende nyumbani, nikasimama pale nikaziacha feri tatu zikaondoka.

4. Endapo mnadhani kutia chumvi kwenye akiba ni dhambi ndogo, kumbukeni kanuni. Kanuni za Kenya za usimamizi wa nishati za mwaka 2012 zilimtaka mwenye jengo linalokula yuniti 180,000 kwa mwaka au zaidi akaguliwe kila miaka mitatu, na atekeleze angalau nusu ya akiba iliyoandikwa. Iliyoandikwa na nani? Na wewe, uliyesoma luksi za jua.

5. Mkibadilisha tyubu kuwa LED, toeni choki. Ukiiacha ndani ukabandika stata bandia, taa itawaka, lakini choki itaendelea kula kidogo kidogo kama panya wa ghala. Mkishaunganisha upya, bandikeni stika ndani ya fitingi ili fundi wa kesho asije akatia tyubu ya zamani kwenye waya za LED. Mmoja wenu aliniuliza juzi stika ya nini, ilhali wote watajua. Wote ni nani? Wewe utakuwa Nairobi.

Zilizotolewa zina zebaki, msizivunje kwenye pipa la taka. Na mteja akisema bado anataka fluoresenti, mwambieni kwamba nchi za Mkataba wa Minamata, ule wa kudhibiti zebaki, zilikubaliana Geneva mwaka 2023 zisitengenezwe tena wala kuuzwa kutoka nchi moja hadi nyingine baada ya 2027.

6. Rangi. Hili hamlijui mpaka mwende Biashara Street mkasimame nusu saa kwenye duka la leso. Tazameni mnunuzi. Anaitandua leso, anaitazama chini ya taa ya duka, anakunja uso, halafu anatoka nayo mpaka barazani kuitazama kwenye jua. Kila mmoja. Muuza duka mmoja alinilalamikia kwamba tangu awekewe taa mpya, watu wanatoka na mali yake mlangoni kutwa na mpwa wake kazi yake imekuwa kuwasindikiza. Luksi alikuwa nazo tele, nilipima 700 na zaidi. Lakini taa zilikuwa za bei rahisi, CRI (kipimo cha taa kuonyesha rangi kama ilivyo) ya mashaka, na nyekundu ya leso ikawa kama damu iliyokauka. Nilimbadilishia mbele ya kaunta tu, taa sita za CRI 90, 4000K. Nikapita baada ya mwezi nikanunua jozi ya nyumbani. Mke wangu hakuipenda, lakini hiyo ni shauri ya maneno yaliyoandikwa, rangi ilikuwa sawasawa.

7. Magodauni ya Shimanzi. Kabla ya kupendekeza taa yoyote, panda uoshe yale mabati ya plastiki yanayopitisha mwanga. Mengi yana vumbi la miaka kumi. Kisha uliza shehena inapangwaje. Nimeona taa nzuri za bei kali zimefungwa katikati kabisa juu ya rundo la magunia, zinawamulikia wadudu, na njia ya kupita wachukuzi iko gizani. Na zile taa za metali halaidi za wati 400: msiwalaumu watu kwamba hawazizimi. Ukiizima ikiwa moto, husubiri dakika kumi au zaidi ndipo ikubali kuwaka tena, na lori liko mlangoni linanguruma. Hata mimi nisingeizima. LED huwaka papo hapo, na hiyo akiba ya kuweza kuzima huenda ikazidi hata ya wati zenyewe. Mbona hamuiandiki?

8. Jengo likiwa linatazama bahari, fitingi ya kawaida italiwa na chumvi kabla LED haijafikia nusu ya umri wake. Wekeni ya IP65, iliyozibwa vumbi na maji yasiingie, na skrubu za chuma kisichoota kutu, hata kama mteja anagomba.

9. Ngazi ishikwe na mtu. Mtu huyo asiwe ameshika simu.

10. Kumi nilikuwa nalo, la power fakta, lakini simu imelia. Saa tatu na robo usiku. Ni yule yule wa shati jeupe, yuko ghorofa ya nne, nasikia mwangwi wa ujia tupu. Asema amepata holda kumi na nane hazina kitu upande wa barabara, kwenye meza moja kapata luksi 210 na nyingine 95, na kuna chumba kimefungwa hakijui. Nimemuuliza amevaa shati gani. Amecheka. La kijivu. Nimemwambia ashuke amtafute bawabu, na kahawa aigharimie mwenyewe.