Beetle inazima ukishajaza tangi? Tega sikio kwenye kifuniko

Wenye Volkswagen Beetle za miaka ya 1970 wengi wanaijua hali hii. Umejaza tangi Kibaha, gari linakwenda vizuri, lakini kabla hujafika Chalinze linaanza kumisi, kisha linazima. Unasimama pembeni, unasubiri nusu saa, unapiga stata, linawaka kama halijawahi kuumwa. Mbele kidogo, yale yale.

Lawama huanzia kituo cha mafuta: wamechakachua! Kisha pampu. Yangu ilibadilishwa pampu, kondensa na koili (vifaa vya umeme wa plagi) kabla fundi yeyote hajagusa tangi, na vyote vilivyotolewa vilikuwa vizima.

Pampu inapovuta petroli, nafasi inayoachwa ndani ya tangi lazima ijazwe na hewa ya nje. Njia ya hewa ikiziba, tangi nalo linavuta kurudi nyuma, pampu inazidiwa, kabureta inakauka. Sasa tangi likiwa limejaa, hewa iliyo juu ya mafuta ni kidogo mno, kwa hiyo lita chache tu zikitumika mvuto unakuwa mkali. Likiwa nusu unaweza kuzunguka mjini na usione kitu. Ndipo mwenye kituo anaposingiziwa.

Huko kusubiri ndiko kunakowapoteza mafundi. Katika ile nusu saa hewa hupenya tangini taratibu, lakini na koili iliyopata moto hupoa muda huohuo. Kwa hiyo usisubiri. Gari likizima, zima swichi, fungua kifuniko cha tangi polepole, sikiliza. Ukisikia "fyuuu" hewa ikiingia, na baada ya stata kidogo likawaka, pampu yako haina kosa. Kifuniko kikifunguka kimya, rudi kwenye umeme. Hewa ikikurupuka kutoka ndani ya tangi badala ya kuingia, nayo ni dalili ya kuziba: jua limevimbisha mvuke ndani.

Fungua boneti ya mbele, toa ile kadibodi inayofunika tangi, fuata mipira myembamba inayotoka juu ya tangi. Mwingine utaukuta umebanwa na mzigo, mwingine umepasuka, na huo ndio unaoleta harufu ya petroli ndani ya gari. Wangu ulikuwa na udongo mwekundu mkavu mdomoni, kazi ya nyigu. Uchomoe kwenye tangi kwanza ndipo upulize upepo, la sivyo unausukuma udongo kwenye mafuta. Angalia na kifuniko pia, maana kuna vya kununua vinavyobana kabisa kwenye gari ambalo tangi lake hupata hewa kupitia kifuniko hichohicho.

Fundi akikwambia atoboe kifuniko, kataa. Mvua itaingia, petroli itamwagika kwenye kona, na tangi la Beetle liko mbele ya miguu yako. Mpira mpya uwe wa petroli. Wa maji utavimba na kulainika, uzibe tena.