Mafuta ya mimea kwa njia ya pombe: kwa wewe uliyechoka kusubiri

Juzi msomaji mmoja kaniandikia akiwa amekata tamaa. Aliloweka maua ya kalendula, yale ya rangi ya chungwa, kwenye mafuta ya zeituni, akangoja wiki sita, akachuja, na alichopata ni mafuta yale yale ya zeituni. Anauliza kama aachane na kazi hii ya kutengeneza mafuta ya kupaka yenye dawa ya mmea. Dada yangu, usiache. Badilisha njia.

Mimi huanza na pombe. Nilipoanza kuieleza njia hii hadharani, mtu niliyemheshimu sana katika fani hii alinisema mbele ya wenzangu kwamba naharibu dawa na kwamba sina subira. Yale maneno bado yananiuma, sifichi. Lakini sikuacha, na leo mafuta yangu ya rozimari hutoka kijani kilichokolea, ukifungua kizibo tu harufu inakufikia. Baadhi ya waliocheka siku ile ndio wanaoniomba chupa sasa. Nawapa, na moyo wangu unafurahi kuwapa.

Hakuna muujiza hapa. Mafuta hupenya jani kavu polepole mno, na utomvu kama ule wa kalendula huyeyuka vizuri zaidi kwenye pombe kali. Pombe hulifungua jani na kuutoa utomvu, kisha mafuta huja kuupokea.

Nachukua gramu 30 za mmea mkavu na kuusaga uwe chengachenga, usifike kuwa unga, maana unga utakusumbua kwenye kuchuja. Nanyunyizia mililita 15 hivi za pombe, nachanganya kwa mkono mpaka kila chenga ipate unyevunyevu, nafunika kwenye chupa ya kioo kwa saa 24. Kesho yake natia kwenye blenda pamoja na mililita 240 za mafuta na kusaga dakika 5 hadi 10, mpaka jagi liwe vuguvugu ukiligusa. Nachuja kwa kitambaa cha pamba, nakamua kwa nguvu zote. Naacha yatulie usiku kucha, kisha namimina ya juu na kuacha mashapo chini.

Pombe yenyewe iwe ethanoli inayoruhusiwa kunywewa, ya asilimia 95 ukiipata. Vodka ya asilimia 40 zaidi ya nusu yake ni maji, na maji ndani ya mafuta ndiyo mlango wa ukungu na vijidudu. Spiriti ya kuchomea usiiguse kabisa kwa kazi hii: mara nyingi ina methanoli, na methanoli hupenya kwenye ngozi na ni sumu. Na unapofanya kazi, jiko liwe limezimwa na madirisha yawe wazi, kwa sababu mvuke wa pombe hushika moto upesi.

Sasa niseme bila kupepesa macho. Najua wewe pia unaota chupa zenye jina lako. Lakini wengi wanataka chupa nzuri na hawataki kukausha majani! Jani likunje, lisipovunjika, bado, rudisha likauke. Mmea mbichi hauna nafasi hapa. Tena mafuta haya ni ya kupaka, si ya kula, na hayapakwi kwenye kidonda kilicho wazi. Jaribu kwanza tone moja ndani ya mkono, ungoje siku nzima.

Sehemu kubwa ya pombe huondoka kwa joto na hewa, ila kiasi kidogo kinaweza kubaki. Kwa hiyo ukimpa mtu, mwambie. Wapo ambao dini yao hairuhusu, wapo walioacha pombe kwa taabu kubwa, na wana haki ya kujua kinachogusa ngozi yao. Iandike kwenye lebo, pamoja na jina la mmea, aina ya mafuta na tarehe uliyochuja, halafu weka chupa ya rangi nzito mahali pa baridi pasipo jua. Siku yakinuka kuchacha, yamwage.