Kidole Hakidanganyi

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nimesimama, ya pili nimeketi. Unasema leo ni siku ya tisa tangu uanze kujifunza gitaa, na ncha za vidole vya mkono wa kushoto zinawaka moto hata kufunga vifungo vya shati ni taabu. Harusi ya kaka yako imebaki wiki sita na ulimwahidi kumpigia wimbo mmoja. Unataka nikwambie upake nini. Mmoja kakwambia uchovye vidole kwenye siki, mwingine kakwambia upake ile gundi inayoganda papo hapo kisha upige juu yake.

Usipake kitu. Siki itakuwasha palipochubuka, na gundi ikibanduka itaondoka na ngozi. Ningeweza kuishia hapo, ila mwishoni umeandika: "Labda vidole vyangu ni laini mno kwa gitaa, kama ilivyokuwa zamani." Maneno hayo matatu ya mwisho ndiyo yaliyonikalisha chini. Kumbe miaka yote hii umebeba jambo ambalo mimi ndiye niliyekutwisha, na sijawahi kukutua.

Ulikuwa na miaka kumi na mmoja. Gitaa ni lile la mjomba, la kahawia, lenye ufa mdogo karibu na tundu. Mimi mwenyewe nilijifunzia gitaa hilohilo kabla hujazaliwa, kwa hiyo sikuwa na shaka nalo hata kidogo. Kila jioni ulikaa kwenye kile kiti kifupi, ulimi umeutoa nje kidogo upande wa kulia, ukiitafuta kordi ya C, yaani sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja. Wiki ya pili ukaja jikoni ukanionyesha vidole. Ninaviona hadi leo: kila ncha ina mstari mwembamba mwekundu, umezama kama alama ya uzi uliofungwa kwenye kifurushi, na kwenye kidole cha pete lengelenge lilikwishaanza kujaa maji. Ukasema, "Mama, haliniachi kuuma hata nikiwa nimelala."

Nami nikakujibu nini? Nikakwambia mimi nilivumilia na wewe utavumilia. Kisha nikakupigia mfano wa Tony Iommi, yule mpiga gitaa wa bendi ya roki ya Black Sabbath ambaye mjomba wako alikuwa hachoki kumsimulia. Mwaka 1965, akiwa na miaka 17, mashine ya kiwandani ilimkata ncha za vidole viwili, cha kati na cha pete, vya mkono wa kulia. Naye hutumia shoto, kwa hiyo huo ndio mkono anaobania nyuzi. Nikakwambia, "Mtu hana ncha za vidole na anapiga, wewe unazo zote." Hukujibu. Siku chache baadaye nikalikuta gitaa kwenye mfuko wake, chini ya kitanda, zipu imefungwa hadi mwisho.

Sikukulaumu, lakini nilijiambia huna subira. Nililiamini hilo kwa muda mrefu.

Mjomba alipofariki, nikalitoa lile gitaa nimpelekee fundi aliangalie kabla ya kumpa binamu yako. Fundi akaliinua, akalipeleka machoni akaangalia kwa urefu wa shingo, kama seremala anavyoangalia ubao uliopinda. Akachukua rula ndogo ya chuma akaisimamisha kwenye freti ya 12, moja ya vile vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo, chini ya uzi mnene. Milimita 5. Gitaa lililo sawa hapo huwa na kama milimita 2 na nusu, na kwenye uzi mwembamba kama 2. Shingo ilikuwa imevutwa na nyuzi ikapinda, maana miaka mingapi liliegemea ukuta ule wa dirishani, jua likilipiga kila alasiri? Fundi akaniuliza nani alikuwa akilitumia. Nikasema mtoto wangu, alikuwa akijifunza. Hakusema neno. Aliweka rula mezani taratibu, akaanza kulegeza nyuzi. Ule ukimya wake bado ninao.

Wewe hukuwa na vidole laini, mwanangu. Ulikuwa unasukuma uzi safari ndefu mara mbili ya inayotakiwa, na kila unavyousukuma mbali ndivyo unavyozidi kukaza. Mtu mzima angelia. Umenisikia nikisema mara ngapi kwamba kidole hakidanganyi? Siku ile kidole chako kilisema kweli, nami nikakiita mvivu.

Na hata habari ya Iommi niliielewa kichwa chini. Kweli alivumilia, lakini sicho alichokifanya kwanza. Aliyeyusha chupa ya plastiki, akajitengenezea vifuniko vya ncha za vidole, akavivika ngozi. Akatafuta nyuzi nyembamba zaidi, hata za banjo akazifunga kwenye gitaa, ili zisimpinge mno. Baadaye akazilegeza pia, akapiga kwa sauti ya chini zaidi. Alibadilisha gitaa lifuate mkono wake. Miaka mjomba akinisimulia, na hilo nisilisikie!

Basi, kabla hujavilaumu vidole, lichunguze gitaa lako. Weka rula kwenye freti ya 12, upime kuanzia juu ya freti hadi chini ya uzi. Ikizidi milimita 3, mpelekee fundi wa magitaa. Ndani ya shingo za magitaa mengi ya nyuzi za chuma mna fimbo ya chuma anayoweza kuikaza ikainyoosha shingo, na kile kipande cha mfupa kilicho juu ya daraja, pale nyuzi zinaposhikiziwa kwenye tumbo la gitaa, anaweza kukisugua kikapungua kimo. Kisha angalia upande wa pili, karibu na kichwa. Bana uzi kati ya freti ya 2 na ya 3, utazame nafasi iliyobaki juu ya freti ya 1. Inapaswa kuwa nyembamba sana, kama karatasi. Ikiwa pana, kordi zote za mwanzoni zitakuumiza bila sababu, na hizo ndizo unazojifunza sasa.

Nyuzi nazo ziangalie. Huenda ulizokuta zimefungwa ni namba 12, kwa sababu magitaa mengi ya nyuzi za chuma huuzwa nazo. Namba hiyo ni unene wa uzi wa kwanza kwa elfu za inchi. Ukifunga namba 10, uzi wa kwanza utavutika pungufu kwa karibu asilimia 30 kwa sauti ileile. Nunua hizo. Na hata kabla ya kununua, legeza nyuzi zote sita kwa nusu toni, yaani sauti ishuke kwa kiasi cha freti moja: mvuto unashuka kwa takriban asilimia 11, na sikio halitaona ubaya wowote maadamu unapiga peke yako. Zikiwa zimeshika kutu zitoe leo, zinakwaruza kama msasa. Ila usifunge nyuzi za chuma kwenye gitaa lililotengenezwa kwa ajili ya nyuzi za nailoni, halikuundwa kubeba mvuto ule.

Sasa ngoja nijibishane na nafsi yangu, maana naona nimeanza kukwambia kwamba maumivu yote ni kosa la gitaa, na hilo si kweli. Hata gitaa lililonyooshwa na fundi bora kuliko wote litakuuma wiki za mwanzo. Ngozi ya ncha za vidole haijawahi kukandamizwa kwenye waya hivyo. Ikikandamizwa kidogo kidogo, ikapewa nafasi, inaongeza tabaka la juu na kuota sugu. Kwa wengi huchukua wiki mbili hadi nne. Ikikandamizwa kupita kiasi kwa mpigo mmoja, tabaka linaachana na lililo chini yake, maji yanaingia katikati, unapata lengelenge, na ukishalipata unarudi nyuma siku kadhaa ukisubiri lipone. Kwa hiyo anayejikaza masaa mawili kwa siku moja hampiti anayepiga dakika kumi na tano mara tatu. Nilijikaza namna hiyo ujanani na kidole cha shahada kikachubuka. Nikadhani ndiyo juhudi.

Kwa hiyo nasema tena kidole hakidanganyi, lakini lazima ujue kinasema nini. Kuna uchungu wa juujuu, ule wa kugusa kikombe cha moto, unaotulia ukipumzika na kesho yake umepungua. Huo ndio wa sugu, endelea nao. Kuna uchungu wa ngozi inayotaka kufunguka, unaochoma mahali pamoja kama sindano. Hapo weka gitaa chini hata kama wimbo uko katikati. Na kuna ule wa kiungo, wa kifundo cha mkono, au ganzi inayopanda mkononi. Huo hauhusiani na sugu kabisa, ukirudiarudia nenda kwa daktari. Huu wa tatu wengi huuvumilia kwa kudhani ni sehemu ya masomo.

Jambo lingine ambalo nisingeliamini kama nisingelijaribu mwenyewe: tunabana kwa nguvu mara mbili ya inayohitajika. Jaribu hivi. Weka kidole karibu kabisa na freti, nyuma yake tu, si katikati ya nafasi. Gusa uzi bila kubana, upige. Utasikia mlio mfu. Sasa ongeza nguvu polepole sana huku ukiendelea kupiga. Utasikia ukikereketa, unakereketa, halafu ghafla unatoa sauti safi. Simama hapo. Nguvu iliyozidi hapo inaishia kwenye ngozi yako, haiingii kwenye sauti. Nakumbuka siku nilipoligundua hilo, nilicheka peke yangu chumbani. Vidole vilikuwa vinaelea kama wadudu wanaotembea juu ya maji, na kordi ya G ikalia yote, nyuzi sita, hakuna hata mmoja uliokufa. Nikairudia labda mara arobaini. Mjomba akagonga mlango kuuliza kama gitaa limekwama.

Kucha za mkono wa kushoto zikate fupi, la sivyo utapinda kidole na kukandamiza kwa ubavu wake. Usipige ukitoka kuoga wala kuosha vyombo, ngozi iliyolowa ni laini na hukatika upesi. Sugu ikianza kubanduka pembeni usiing'oe kwa meno. Nakujua. Isugue taratibu kwa faili ya kucha mpaka iwe laini, maana ncha iliyochongoka hunaswa na uzi ikachanika hadi kwenye nyama.

Umeniuliza pia kama umwambie kaka yako atafute mtu mwingine. Nimeandika jibu, nikalifuta. Nimeliandika tena. Mwanangu, jibu ninalo, liko ulimini, na unanijua nilivyo mgumu wa kulimeza. Wiki sita ni nyingi kwa sugu, hilo naweza kulisema bila kukuegemeza upande wowote. Ni chache kwa kordi ya F, ile ya kulaza kidole kimoja juu ya nyuzi kadhaa, nalo pia ni kweli, ingawa nyimbo nzuri zisizo na F ni tele, na kapo, kile kibanio kinachobana nyuzi zote shingoni, inaweza kukutoa katika mengi. Naona nimeshaanza kuegemea. Ninaacha. Mara ya kwanza nilikuamulia mimi ni kiasi gani cha maumivu unapaswa kukibeba, bila kukigusa kidole chako wala kulipima gitaa. Safari hii uamuzi ni wako, na kaka yako atakupenda vilevile ukipiga au usipopiga.

Nilichotaka kukuuliza siku ile jikoni, kama ningekuwa na akili niliyonayo leo, ndicho ninachokuuliza sasa: nyuzi zako ziko juu kiasi gani? Kabla hujalala leo chukua rula, washa taa vizuri, upime freti ya 12, uzi mnene na uzi mwembamba. Kisha uniandikie namba zote mbili, na uniambie ni kidole kipi kinauma zaidi na kinauma wapi hasa. Nitasubiri macho.

Mama yako